Mrejesho: skwoti (kuchuchumaa na chuma mabegani) na visigino vilivyokuwa vinainuka

Habari zenu wakubwa. Miezi miwili iliyopita niliuliza hapa kwa nini nikichuchumaa na chuma cha kilo 60 visigino vinainuka na magoti yanaingia ndani. Asanteni sana, hata wewe uliyeniambia nishushe kiburi kabla ya kushusha uzito.

Nilirudi kilo 40, nikawa naongeza 2.5 kila nikienda jim. Viatu vya kukimbilia vyenye soli laini niliviacha, nikanunua raba za soli bapa soko la Gikomba. Hapo ndipo palikuwa na dawa: visigino vimetulia kabisa. Kuvuta pumzi na kukaza tumbo kabla ya kushuka nako kumeokoa mgongo.

Magoti bado. Nikifika kilo 65, la kulia linaingia ndani kuanzia nikichuchumaa mara ya nne mfululizo. Kilo 67.5 zimenishinda siku tatu tofauti, chuma kikaangukia vile vizuizi vya pembeni vya kukidaka (vifungeni jamani!). Nimeshuka hadi 57.5, napanda upya. Mazoezi ya vifundo vya miguu niliyafanya wiki moja nikaacha, kwa hiyo sina ushahidi kama yanasaidia.

Na kupanda ngazi za daraja la Thika Road kesho yake baada ya skwoti? Msiniulize.