Naomba Ushauri: Natafuta Daktari wa Kunipasua Shingo, Niko Nakuru

Seremala wa Lanet: Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni seremala wa miaka 56, ninaishi Lanet hapa Nakuru, na kwa miaka miwili sasa shingo yangu imekuwa ikinisumbua. Kipimo cha MRI kimeonyesha kwamba diski zimelika katika sehemu tatu, kuanzia pingili ya nne hadi ya saba, na mifupa midogo imeota pembeni. Nimeambiwa nahitaji upasuaji. Naomba mnielekeze kwa daktari bingwa mwenye uzoefu, awe Nakuru, Eldoret, Kisumu au Nairobi.

Mama Pendo: Pole sana kaka. Mimi niliumwa shingo miaka mitatu nikibeba ndizi sokoni Kisii, na mazoezi ya viungo yakaniponya bila kisu, hata leo nabeba ndoo kichwani. Watu hukimbilia upasuaji mapema mno, na Mungu hakutuumba tufunguliwe kama maboksi.

Nesi Mstaafu, Kakamega: Nafurahi ulipona, dada, lakini yako yalikuwa maumivu, na hatujui kama ya ndugu yetu ni maumivu tu. Kinachowatia madaktari wasiwasi ni kubanwa kwa ugwe wa mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo. Seremala, je, mikono ina ganzi? Unafunga vifungo mwenyewe? Unatembeaje gizani? Mkojo unaweza kuuzuia?

Seremala wa Lanet: Mkono wa kulia una ganzi kidogo. Nilichoomba ni jina la daktari.

Nesi Mstaafu, Kakamega: Hujanijibu kuhusu vifungo, miguu na mkojo.

Seremala wa Lanet: Basi nitasema. Tangu Pasaka mke wangu ndiye anayenifunga vifungo vya shati. Nikishika msumari wa inchi mbili siuhisi, huniponyoka kabla sijainua nyundo. Nimeanguka mara mbili nikienda chooni usiku, na kuna siku mkojo hunitangulia. Lakini mipango ipo: nimemlipa wakala shilingi 80,000 anipeleke India mwezi wa Januari, nikishamaliza viti vya kanisa, kwa sababu kanisa lilinilipa kianzio nami si mtu wa kula pesa ya kanisa. Isitoshe, watu husema ukipasuliwa shingo hapa nchini unaishia kwenye kiti cha magurudumu.

Shahidi: Mimi sishawishiki. Ulianza kwa kutafuta daktari wa hapa, sasa una safari ya India. Tena mtu asiyehisi msumari anaandikaje maneno mengi hivi bila kosa? Hadithi za namna hii tumeziona zikiishia kwenye nambari ya mchango.

Seremala wa Lanet: Sijaomba senti ya mtu. Ujumbe wa kwanza uliandikwa na binti yangu nikimtamkia, ndiyo sababu sikutaja mkojo. Ule wa jana niliuandika mwenyewe kwa kidole kimoja cha kushoto, kuanzia saa tatu usiku hadi karibu saa tano. Nauliza daktari wa hapa kwa sababu kila nikimwomba wakala jina la daktari, hunijibu kwamba nitamjua nikifika.

Shahidi: Nimekukosea, mzee wangu. Nisamehe.

Karani wa Ahero: Baba yangu alikuwa na dalili hizo hizo, akasema angoje mpunga uvunwe. Alipopasuliwa miguu ilipata nafuu, anatembea na fimbo, lakini vidole vyake havijarudi kusuka nyavu. Mzee, viti mwachie fundi mwenzako.

Nesi Mstaafu, Kakamega: Karani amesema kweli. Kazi kubwa ya upasuaji huu ni kuzuia hali isizidi kuharibika, na kinachorejea hutegemea sana ugwe umebanwa kwa muda gani, kwa hiyo Januari ni mbali. Chukua barua ya rufaa uende Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret, au Kenyatta kule Nairobi, uulize madaktari wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Beba picha zenyewe za MRI, si ripoti pekee, na jina utakalopewa lihakiki katika sajili ya Baraza la Madaktari. Muulize daktari ataingilia mbele, ambako hutolewa diski na pingili zikaunganishwa kwa bamba la chuma, au nyuma, ambako hupanuliwa njia ya ugwe. Akueleze kwa nini, na amefanya upasuaji kama huo mara ngapi. Muulize pia kuhusu kumeza na sauti, maana wanaoingiliwa mbele wengine hupata shida hizo. Kama unavuta sigara, acha leo, kwa kuwa huchelewesha mifupa kuungana. Mtu yeyote asikuzungushe shingo kwa jina la kukukanda. Na miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma kutoka, usingoje barua, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Seremala wa Lanet: Nimezungumza na mchungaji asubuhi. Vimebaki viti kumi na viwili, na amekubali kijana wangu wa karakana avimalize. Binti yangu amesoma mazungumzo haya yote, akanyamaza kwa muda, kisha akaenda kutoa bahasha ya picha juu ya kabati. Kesho tunafuata barua ya rufaa, na Alhamisi alfajiri tunapanda gari la Eldoret. Pesa nilizompa wakala sijui kama zitarudi.