Mrejesho: pikapu iliyokuwa ikizima ikishapata moto

Wakuu, niliwaomba ushauri kuhusu pikapu ya zamani ninayoifufua nyumbani: asubuhi inawaka vizuri, ikitembea kidogo inakohoa na kuzima, ikipumzika inawaka tena. Wengi mlisema koili (inayozalisha umeme wa cheche za plagi), wachache mkasema mafuta hayafiki. Wachache mmeshinda.

Koili nilianza nayo kwa kuwa kuipima ni kazi nyepesi. Gari lilipozima tu, nilichomoa plagi, nikaigusisha na chuma cha injini, mwenzangu akapiga starta: cheche ya bluu, kali, kwa hiyo koili ni nzima. (Fanyeni hivyo mbali na petroli, tafadhali.) Nikachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta (inayochanganya petroli na hewa), petroli ikatoka kwa matone.

Tangi likashushwa. Ndani ni unga mwekundu wa kutu mtupu, na kale kawavu ka kwenye bomba la kufyonzea kamezibwa. Injini ikizima, pampu inaacha kuvuta, uchafu unadondoka, njia inafunguka. Ndiyo maana ilikuwa inawaka tena! Nimeloweka tangi kwa siki, nikatia kipande cha mnyororo na kulitikisa hadi mikono ikafa ganzi, nikasuuza kwa maji ya magadi, nikalikausha kabisa. Mipira yote nimebadilisha, na nimeongeza chujio la plastiki angavu nione kinachopita.

Sasa halikohoi. Aliyenishauri ninunue kabureta mpya, samahani mkuu, ile ya zamani ilitaka kuoshwa tu.

Imebaki sakafu ya upande wa dereva, imetobolewa na kutu. Anayejua kuchomelea bati jembamba bila kulipinda anielekeze.