MREJESHO: Kuhamisha jengo toka kampuni moja kwenda nyingine, hati imetoka ila msamaha wa kodi tumeukosa

Wakuu habari zenu, ni yule niliyeuliza namna ya kuhamisha jengo toka kampuni yetu ya zamani kwenda hii mpya, zote mbili za kwangu na braza. Hati inasoma jina la kampuni mpya sasa, asanteni sana.

Aliyesema nianze na benki kabla ya kitu kingine chochote Mungu ambariki, maana jengo lilikuwa bado liko rehani na bila barua yao ya ridhaa msajili wa hati asingegusa hata fomu. Azimio la bodi nalo (uamuzi wa maandishi wa wakurugenzi), tuliandaa la muuzaji, yaani kampuni ya zamani, na la mnunuzi, yaani mpya, mapema, waliyaomba kila dirisha.

Palipogoma ni kwenye bei. Kuna waliosema tuandike ndogo tu kwa vile mali ni yetu wenyewe, wapi! Mthamini kaja kapima mpaka stoo ya nyuma na ushuru wa stempu (unaolipwa kwenye hati za kuhamisha mali) ukapigwa kwa bei ya soko, bei ya kwenye mkataba hawakuiangalia. Msamaha wa kodi wa kampuni za kundi moja, yaani zilizo chini ya kampuni mama moja, tumenyimwa pia, kwa sababu hisa tunashika sisi watu binafsi, hakuna kampuni mama juu yetu, kwa hiyo kodi ya ongezeko la mtaji (ya faida inayotokana na kuuza mali) tumelipa yote. Imeuma, ada ya wakili na usajili ni cha mtoto ukilinganisha.

Bima tayari imebadilishwa jina, bado mikataba ya wapangaji, kuna mmoja hadi leo anatuma kodi ya pango akaunti ya kampuni ya zamani.