Naomba ushauri: taa za mkanda za kuongoza kwa simu, siling ya jipsamu mita 18

Mjenzi wa Kigamboni

Habari za leo wakuu. Nimehamia kwangu Kigamboni, nyumba bado haijaisha, tunaishi humo humo huku tunamalizia. Sebuleni tumeweka siling ya jipsamu na fundi aliacha mfereji kuzunguka pande zote nne kwa ajili ya taa za mkanda. Mfereji wenyewe nimepima, ni mita 18.

Jaribio la kwanza limenishinda. Nilinunua Kariakoo boksi la mita 10, volti 12, rangi zote, rimoti na Wi-Fi, adapta imeandikwa ampia 5. Ukichagua nyeupe, mwanzoni ni nyeupe kweli, lakini kadiri mkanda unavyokwenda inageuka pinki, na kule mwisho ni kama nyekundu. Adapta ukiigusa baada ya nusu saa haishikiki. Wiki ya pili gundi ikaachia, asubuhi tukakuta mkanda unaning'inia juu ya kochi.

Sasa muuzaji mwingine ananishauri mkanda wa kukata kwa mita, ule unaochomekwa moja kwa moja kwenye soketi bila adapta. Anasema hata mita 50 haufifii, na bei ni ndogo mno. Nichukue huo?

La pili, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Mama yangu anaishi nasi, macho yamepungua nguvu. Huamka saa tisa usiku kutawadha na kuswali. Taa kubwa ya korido inamchoma macho, kwa hiyo anaamua kutembea gizani huku anapapasa ukuta. Mwezi uliopita alijikwaa kwenye kizingiti cha bafu, akaanguka magoti. Nataka apate mwanga wa kumtosha bila kutafuta swichi wala simu. Taa hizi zinaweza? Niko tayari kusubiri hadi mwezi ujao nijichange, kuliko kurudia kazi mara ya tatu.

Fundi Waya

Pole sana mkuu, na mpe pole mama. Nianze na habari njema: huo mkanda si mbovu, una njaa.

Mkanda wa kawaida wa 5050 (hiyo ni namba ya aina ya taa zake), wenye taa 60 kwa kila mita, unakula kama wati 14.4 kwa mita ukiwasha rangi zote kwa pamoja, na ndivyo nyeupe yake inavyopatikana. Mita 10 ni wati 144. Adapta yako ni volti 12 mara ampia 5, yaani wati 60. Ndiyo maana haishikiki. Itoe leo, usiilaze na umeme.

Pinki nayo ina sababu. Shaba iliyo ndani ya mkanda ni nyembamba kama karatasi, umeme unapungua njiani. Taa nyekundu inaridhika na volti kama 2, ya kijani na ya buluu zinataka karibu 3. Volti zikipungua, hizo mbili zinafifia kwanza, nyekundu inabaki peke yake. Kwa volti 12 usivuke mita 5 kwa kulisha upande mmoja. Ukiunganisha roli ya pili kwenye mkia wa ya kwanza, umeongeza tatizo.

Kwa mita 18 nunua mkanda wa volti 24. Wati zilezile, lakini ampia zinakuwa nusu, kwa hiyo upotevu unapungua sana. Kisha gawa: vipande vinne vya mita 4 na nusu, kila kimoja kinalishwa na waya wake kutoka kwenye pawa saplai, waya wa milimita mraba 1.5 au zaidi. Tumia pawa saplai mbili, moja kwa kila nusu ya sebule. Hesabu ni rahisi: mita mara wati zilizoandikwa kwenye lebo, halafu ongeza asilimia 20 ili isifanye kazi ikiwa imeelemewa. Nusu ya kwanza inatoka kwenye kontrola, yaani kile kifaa kinachopokea amri za simu au rimoti; nusu ya pili inapokea ishara kupitia amplifaya, kifaa cha kuongezea ishara nguvu, yenye pawa saplai yake. Ukifanya hivyo kona zote zitabadilika rangi kwa pamoja.

Pawa saplai isizikwe ndani ya jipsamu. Inatoa joto, na joto la Dar tunalijua. Mwambie fundi akate mlango mdogo wa kufikia, nafasi iwe na hewa. Nimeshafungua siling nzima ya mtu kwa sababu ya kifaa kimoja kilichokufa ndani.

Ule mkanda wa soketi moja kwa moja, usiuweke. Una volti 230 ndani ya plastiki laini, panya akiutafuna au ukichubuka kwenye kona ya chuma cha siling hakuna wa kuona. Tena mingi inapepesa, inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Washa kamera ya simu uielekeze, utaona mistari inapita. Kwa mtu mwenye macho dhaifu hiyo ni adhabu. Na upande wa volti 230 unaoingia kwenye pawa saplai afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Mpaka Rangi

Naongezea upande wa siling maana ndiyo kazi yangu. Gundi haikuwa na kosa kubwa mkuu. Jipsamu ikishapigwa msasa huacha unga, na gundi inashika unga badala ya siling. Pitisha kidole ndani ya mfereji, kikitoka cheupe ujue hakuna gundi itakayokaa. Paka praima kwanza, ikauke, futa kwa spiriti, ndipo ubandike. Bora zaidi weka profaili ya alumini, mkanda ulale ndani yake. Alumini inanyonya joto na taa zinadumu.

Mfereji uwe na angalau sentimita 10 kutoka kwenye siling ya juu, ikifika 15 ni vizuri zaidi. Ukibana sana utaona nukta nukta badala ya mwanga ulioenea. Na huko juu usipake rangi ya mafuta, inang'aa kama kioo na itakurudishia kila nukta. Paka rangi ya maji isiyong'aa.

Halafu fikiria ni rangi gani utawasha kila siku. Kwa nyumba nilizofanya, zambarau na kijani huchezewa siku za mwanzo, wageni wakija pia, baada ya hapo watu wanarudi kwenye nyeupe yenye ujoto. Sasa nyeupe ya kuchanganya rangi tatu haijawahi kupendeza, nyuso za watu zinaonekana wagonjwa. Tafuta mkanda wenye chipu ya nne ya nyeupe, wa RGBW, hiyo nyeupe iwe ya Kelvini 2700 au 3000, yaani nyeupe yenye ujoto.

Fundi Waya

Hapo Mpaka Rangi amesema kweli, na LUKU nayo itashukuru. Rangi tatu zikiwaka zote kwa mita 18 ni wati 259. Saa nne kila usiku ni uniti 1 kwa siku, karibu 31 kwa mwezi. Ukitumia chipu ya nyeupe peke yake ni kama wati 86, mwezi mzima uniti 10 hivi, na ukipunguza mwanga inashuka zaidi. Kama uko kwenye daraja la bei nafuu, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo ni kubwa.

Kijana wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nitasema ya Wi-Fi, maana mengine wameshayamaliza.

Kontrola hizi karibu zote zinakubali Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu. Ruta yako ikiwa inatoa 5 peke yake, utajaribu mchana kutwa na haitashika. Pili, nyumbani kuna ruta inayokaa hapo muda wote, au mnatumia hotispoti ya simu? Kama ni hotispoti, ukitoka nayo kwenda kazini taa zimebaki bila mtandao. Hapo bora Bluetooth, au kontrola yenye rimoti ya redio. Hakikisha ni ya redio. Zile rimoti ndogo za infraredi lazima zione jicho la kontrola, na wewe umelificha juu ya siling.

Stima ikipotea ikarudi usiku wa manane, kontrola nyingi huwasha taa zote kwa nguvu kamili. Kwenye programu tafuta mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, chagua ibaki kama ilivyokuwa. Kwangu watoto walikuwa wakiamka wakilia hadi nilipoupata.

Na swichi ya ukutani ikizimwa, simu haiwezi kuwasha chochote. Waambie watu wa nyumbani mapema.

Bibi wa Kibaraza, Unguja

Assalaam alaykum mwanangu. Nimesoma habari za mama yako nikaacha kupika.

Korido usimwekee taa ya simu wala rangi. Mwekee mkanda wa kawaida wa nyeupe yenye ujoto, wa volti 24, mdogo wa wati 5 kwa mita, na kitambuzi cha mwendo. Akitia mguu koridoni inawaka, akishapita inazima baada ya dakika moja au mbili. Haishiki mtandao, haina la kukosea.

Uweke chini, usawa wa kifundo cha mguu, juu kidogo ya kigae cha ukutani, umetazama sakafu. Sisi kwetu tuliweka juu mwanzo, marehemu mama akawa anaona kivuli chake mwenyewe mbele yake, anasimama akidhani ni shimo. Tulipoushusha, mwanga ukawa unapita kwenye sakafu, kila kizingiti kinajionesha ukingo wake. Kitambuzi kielekee mlango wa chumba chake, kiwashe kabla hajatoa hatua ya pili.

Halafu Kigamboni ni pwani kama huku. Hewa ya chumvi inaila shaba, viungo vinageuka kijani. Vile viunganishi vya kubana uviwache, lehemu kwa risasi kisha funika. Karibu na bafu chukua wenye silikoni, IP65, yaani usioingia vumbi wala maji ya kurukia.

Mjenzi wa Kigamboni

Wakuu, narudi kutoa mrejesho baada ya wiki tano. Bibi, mama nimemsomea maneno yako, amekuombea dua.

Nilianza na korido. Mita 6, kitambuzi kimoja mlangoni kwake, kingine kabla ya bafu. Usiku wa kwanza nilikaa macho hadi saa tisa. Nikasikia mlango, mwanga ukaja chini taratibu, nikaona miguu yake inapita, akainua mguu kwenye kizingiti bila kugusa ukuta. Asubuhi hakusema chochote kuhusu taa, aliuliza tu kama chai ipo.

Sebuleni nimechukua RGBW ya volti 24. Lebo inasema wati 19 kwa mita, nikapiga hesabu ya Fundi: mita 9 ni wati 171, na asilimia 20 juu ni 205, nikanunua pawa saplai mbili za wati 250. Zote zipo kwenye kimlango cha kona, vuguvugu tu ukizigusa. Nyeupe ni ileile mwanzo hadi mwisho. Mfereji tulipaka praima na profaili tumeipigilia skrubu.

Kasoro imebaki moja. Nikichagua nyekundu, kuta tatu ni nyekundu, ule wa dirishani unakuwa kijani. Nyeupe na buluu ziko sawa.

Fundi Waya

Mkanda huo ni mzima. Kwenye kipande hicho waya wa R (nyekundu) na wa G (kijani) zimepishana wakati wa kulehemu. Usifuate rangi ya waya, fuata herufi zilizochapwa kwenye mkanda wenyewe, kuna roli zinazoanza na G. Zima umeme, badilisha hizo mbili tu.

Mjenzi wa Kigamboni

Nimebadilisha. Kuta zote nne nyekundu.