Mtoto anaandika jibu sahihi, anapigwa eksi! Hii mitihani ya "young ones" nani anaitunga?

Wakuu, nimechoka. Mwanangu yuko P.3 (darasa la tatu la msingi), shule ya kulipia hapahapa Kampala (jina naliacha kwanza), kaja nyumbani na mtihani wa Kiingereza umejaa wino mwekundu. Sehemu ile ya watoto wa wanyama.

"A calf is a young..." Kaandika tembo. Eksi! Wanataka ng'ombe basi. Jamani, calf ni mtoto wa ng'ombe, wa tembo, wa nyati, wa kiboko, wa twiga, mpaka wa nyangumi. Huyu mtoto tulimpeleka mbuga ya Murchison akawaona tembo na watoto wao, na yule anayetembeza wageni alitumia neno hilohilo. Sasa amwamini nani?

Cub kaandika dubu. Eksi, jibu ni simba. Kwani dubu anazaa nini?

Ila iliyonipandisha presha ni kid. Kaandika "child", akakosa, wanataka mbuzi. Sawa, neno ni la mbuzi kwa asili, binadamu kalidandia baadaye. Lakini shule hiyohiyo barua zote za wazazi zinaanza na "your kids"! Kwenye ada ni watoto, kwenye mtihani ni mbuzi?

Nikaenda. Mwalimu wa watu mpole kabisa, akanifungulia karatasi ya majibu: "Mzee, mimi nasahihisha kwa hii." Kumbe mtihani hawatungi wao. Wananunua kwa wachapaji wa mjini, na majibu yanakuja humohumo, moja kwa kila swali. Anajua mtoto kapatia, ila akimpa alama ataulizwa na mkuu.

Halafu wameweka cygnet, mtoto wa yule ndege mweupe wa Ulaya mwenye shingo ndefu. Zunguka Ziwa Victoria lote umtafute! Fry, yaani vifaranga vya samaki, neno ambalo kila mfugaji wa ngege (tilapia) analijua, hawakuliweka.

Mtunga maswali, kama unasoma hapa: andika "mtoto wa tembo anaitwaje" uone kama kuna ubishi. Swali umeligeuza kichwa chini mwenyewe, likawa na majibu sita, halafu unamkata mtoto alama.

Wenye watoto P.3 shule nyingine, ukurasa huo mkiupata upigeni picha muuweke hapa. Kikao cha wazazi ni Jumamosi, nakwenda nazo zote.