Gari la rimoti linapagawa jirani akiwasha redio yake: nimshtaki au kuna dawa?

Baba Faraja (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina kisa kinachoweza kuonekana cha kitoto, ila kimenikosesha raha mtaani. Naomba ushauri kabla sijavunjiana heshima na mtu mzima.

Nina gari la rimoti la umeme, saizi ya moja kwa kumi. Nililiokota Kariakoo kwenye rundo la mitumba ya kontena. Si lile la plastiki la sikukuu. Hili lina mota ya 540, savo ya usukani (kile kimota kinachopinda matairi), na waya wa antena uliopita kwenye kimrija unaopepea kama mkia. Rimoti yake ni ya kushika kama bastola, ina antena ya kuvuta, na kwa nyuma imechomekwa kristali, kile kipande kinachopanga masafa ya redio, iliyoandikwa 27.145, yaani megahezi. Mimi na mwanangu wa miaka tisa tunalikimbiza kwenye kiwanja nyuma ya nyumba, Kihonda hapa Morogoro.

Miezi miwili iliyopita jirani yangu, mzee mstaafu, alisimika mlingoti na kutandaza waya juu ya paa. Ni mtu wa redio za ridhaa, anaongea na Wajapani na Wataliano akiwa sebuleni kwake. Hilo halinihusu. Kinachonihusu ni kwamba tangu hapo, ikifika saa kumi alasiri gari linapagawa. Linapinda kulia lenyewe, linasimama, halafu linachomoka. Jumamosi limeingia miguuni kwa mama muuza maandazi, ndoo chini, maandazi kwenye vumbi. Nimelipa ndoo nzima na maneno juu.

Kutoka antena yake hadi tunapochezea ni kama hatua arobaini. Je, anaruhusiwa kweli? Na mimi nifanye nini?

Kiroboto wa Ilala

Peleka malalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kesho asubuhi. Mtu hawezi kuvuruga mtaa mzima na miwaya yake. Hata TV zenu zitakuwa zinakwaruza, hamjagundua tu.

Boksi la Zana

Mkuu, kabla ya TCRA tazama mota yako. Hizo 540 zina brashi, na brashi zikichoka zinatoa cheche, na cheche ni redio tosha. Fungua uone kama kuna kapasita tatu ndogo za kuzima kelele hizo zimelehemiwa: moja kati ya vichwa viwili vya mota, na mbili kutoka kila kichwa kwenda kwenye kopo la mota lenyewe. Huwa zimeandikwa 104. Magari ya mtumba mengi mota imeshabadilishwa na fundi asiyejua kazi yake, kapasita zimebaki kwenye mota ya zamani. Mimi simlaumu mzee hata kidogo.

Baba Faraja

Boksi la Zana, nimefungua. Kuna moja tu, nyingine mbili zimebaki vidoti vya risasi. Lakini mkuu, kama ni mota, mbona asubuhi linatembea vizuri na alasiri linapagawa? Mota haijui saa.

Antena Ndefu

Nimekuwa kwenye redio za ridhaa miaka mingi, niko Arusha. Acha nitetee ukoo wangu kidogo, ila kwanza nataka ushahidi.

Kesho likianza wazimu, usilizime. Liinue juu ya tofali matairi yasiguse chini, chomoa waya za mota kabisa, acha savo ya usukani peke yake. Chukua simu, washa saa ya kupima sekunde. Andika linahangaika sekunde ngapi na linatulia sekunde ngapi. Fanya mara kadhaa, usikisie.

Minnesota Baridi

Wakati unasubiri kesho, geuza gari na rimoti usome vibandiko. Mengi ya hayo ya megahezi 27 yalitengenezwa kwa soko la huku Marekani. Ukikuta maandishi madogo ya FCC (mamlaka ya mawasiliano ya huku), Sehemu ya 15, yana masharti mawili: kifaa hiki kisisumbue wengine, na kikubali usumbufu wowote kitakaoupata. Yaani mtengenezaji mwenyewe alishakuandikia kwamba ukisumbuliwa, vumilia.

Na masafa hayo ya 27 hata huku ni sokoni. Magari ya rimoti yamepewa chaneli sita, kuanzia 26.995 hadi 27.255, nazo zimepenyezwa katikati ya chaneli za redio za CB, zile za madereva wa malori. 27.255 ndiyo kabisa, ni chaneli ya 23 ya CB yenyewe. Ndiyo maana huku ndege za rimoti zilitengewa megahezi 72 na magari makubwa ya rimoti 75, mbali na kelele. Hiyo yako ya 27.145 zamani ilikuwa na kibendera cha njano kwenye antena, ili watu wawili wasiwashe chaneli moja uwanjani.

Baba Faraja

Minnesota, nimekikuta kibandiko. Kipo kwenye risiva (kile kipokezi ndani ya gari), kimefifia, lakini maneno ni hayo hayo. Nimejisikia kama mtu aliyesaini mkataba bila kusoma.

Antena Ndefu, haya majibu yako. Mota imechomolewa, gari juu ya tofali, saa kumi na dakika ishirini. Savo ilianza kutetemeka ikavuta kulia, nikahesabu sekunde 12, karibu 13. Ikatulia sekunde 17. Ikaanza tena, 13. Ikatulia 17. Mara tano mfululizo hivyo hivyo, halafu kimya dakika nne. Mwanangu akaniuliza kama gari linapumua.

Antena Ndefu

Gari lako limesoma FT8, mkuu. Mwambie mwanao ni kweli linapumua, na pumzi ni za mzee.

FT8 ni namna ya kuwasiliana kwa kompyuta kupitia redio, ilitoka mwaka 2017. Waliobuni ni Steve Franke na Joe Taylor, huyu wa pili ni yule mwanafizikia aliyepata Nobeli mwaka 1993. Dunia nzima wanafuata saa moja. Muda umekatwa vipande vya sekunde 15. Kituo kimoja kinatuma kwa sekunde 12.6 hivi, kinanyamaza, kinasikiliza kipande kizima kinachofuata, kisha kinatuma tena. Jumlisha zako: 13 na 17 ni 30. Mota yenye brashi mbovu haiwezi kuhesabu hivyo.

Sasa kwa nini alasiri. Kwenye bendi ya mita 10, ile ya megahezi 28 kwenda juu, watu wa FT8 hukaa 28.074. Wewe uko 27.145. Tofauti haifiki hata megahezi moja. Bendi hiyo hutegemea jua. Jua likiwa kwenye miaka yake ya madoa mengi, mchana na alasiri unaongea na Ulaya kwa nguvu ndogo tu, na usiku inalala. Mzee anafuata bendi inapofunguka, wewe unamfuata mtoto anapotoka shule. Mmekutana saa kumi.

Na jambo ambalo wengi hawalielewi: huenda mzee hatumi hata chembe kwenye 27. Bendi ya 28 hadi 29.7 ni ya redio za ridhaa kimataifa, na kama ana leseni na jina la mwito (jina la kituo hewani) linaloanza na 5H ya Tanzania, yuko nyumbani kwake. Risiva yako ndiyo isiyo na mlango. Ya bei ndogo husikiliza upana mkubwa kuliko inavyohitaji. Rimoti yako inatoa nguvu isiyofika wati moja, mzee akiwa na redio ya kawaida anaweza kutoa hadi wati 100, hatua arobaini tu. Ni kama unamsikiliza mwanao ananong'ona huku muadhini ana kipaza sauti dirishani kwako. Muadhini hajakosea, sikio lako ndilo limezidiwa.

Kiroboto wa Ilala

Kwa hiyo huyo mama wa maandazi amlaumu nani, jua?

Antena Ndefu

Amlaumu aliyechezea gari lisilo na breki ya dharura karibu na mafuta ya moto 😀

Mombasa Raha

Hapa kwetu tulikuwa na shida ka' hiyo na geti la umeme la jirani, likifunguka lenyewe kila mtu wa redio akibonyeza. Hatukwenda kwa Mamlaka. Tulienda kwake na halua, tukakaa naye. Alikuwa hata hajui. Nenda ukamwone mzee wa watu, na uende na gari lenyewe mkononi asidhani umekuja kwa uvumi.

Boksi la Zana

Nakubali FT8 siiwezi. Lakini zile kapasita mbili bado zilehemu, utaniambia. Na usibadilishe kristali ukidhani utamkimbia. Ukienda 26.995 umesogea mbali kwa kilohezi 150 tu. Risiva isiyo na mlango haitaona tofauti.

Baba Faraja

Wakuu, nimerudi. Nilikwenda jana, mimi, mwanangu, gari, na kilo mbili za machungwa.

Nilitoa shikamoo, nikaeleza kwa upole. Mzee hakukasirika. Alinyamaza, akachukua gari, akaitazama risiva kwa miwani puani, akasema, "Hiki kiwaya ndicho kinanisikia?" Leseni yake imetundikwa ukutani kwenye fremu, karibu na picha ya harusi.

Akatuambia tuliweke gari uani, mota imechomolewa. Yeye akaingia ndani akaacha dirisha wazi, akashika maiki badala ya kompyuta, akataja jina lake la mwito na kusema anafanya majaribio. Akahesabu moja, mbili, tatu. Wakuu, savo ilikuwa inapiga kwa kila neno! Akinyamaza, inatulia. Akisema "nne" kwa nguvu, tairi linapinda zaidi. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini. Akamwomba mzee aseme jina lake, na gari likatikisa kichwa kwa kila silabi: Fa-ra-ja.

Kisha akapunguza nguvu kutoka wati 80 hadi 10. Kwenye kiwanja, hatua arobaini, savo ikatulia kabisa. Nilipolisogeza gari hadi chini ya waya wake ndipo likaanza tena kidogo kidogo. Amesema kwa FT8 wati 10 zinamtosha, eti hizo 80 ilikuwa uvivu.

Na Boksi la Zana, pokea maua yako. Mzee alipozima kila kitu tukarudisha waya za mota. Nikafika hatua thelathini, gari likaanza kukatakata lenyewe. Hilo lilikuwa langu mimi. Nimelehemu zile 104 mbili, na leo nimefika hatua sitini bila shida. Kumbe nilikuwa na magonjwa mawili nikamtwisha jirani yote.

Minnesota Baridi

Safi. Ila kwa usalama wa maandazi, ukipata nafasi hamia gigahezi 2.4. Rimoti na risiva yake vinatambuana vyenyewe, hakuna kristali, na signali ikikatika risiva nyingi huweza kupangwa zifunge mota. Hiyo risiva yako ya kristali ikikosa rimoti inaokota chochote kilichopo hewani. Hakikisha kwanza savo yako ina waya tatu. Ikiwa na tano ni ya midoli, haitaingia.

Baba Faraja

Ni tatu. Na vifaa vya 2.4 nimeshaagiza, vimefika leo mchana. Swali la mwisho, wakuu. Antena ya risiva mpya ni kiwaya cheusi chembamba, na mwishoni kama sentimita tatu kimechunwa ganda, kinaonekana cheupe. Fundi simu hapa mtaani anasema ni kifupi mno, niungie waya wa nusu mita kama ule wa zamani ili nifike mbali. Nimempa; nimwachie au nimnyang'anye?

Antena Ndefu

MNYANG'ANYE. Hizo milimita 31 mwishoni zimepimwa, ni robo ya wimbi la 2.4. Hizo ndizo antena, kilichobaki nyuma ni njia tu ya kupitia. Ukiunga, umeiharibu. Ukikata, umeiharibu. Pitisha kwenye ule mrija wa zamani, ncha isimame wima, iwe mbali na betri na mota.

Baba Faraja

Amekwisha kata. Naagiza nyingine.