Siliaki Kigoma: vyakula vya pakiti vinanimaliza, nifanyeje?

MamaUjiji
Assalaam aleikum ndugu zangu. Binti yangu wa miaka sita alipimwa Dar mwaka jana, akakutwa na ugonjwa wa siliaki. Gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya rai, inamharibu utumbo. Dawa hakuna, ni kuviacha maisha yote. Hilo nimelipokea. Kinachoniumiza ni bei. Tambi zisizo na gluteni, gramu 400, naagiziwa kwa 15,000, bado pesa ya basi. Mimi nauza dagaa Kibirizi, kuna siku faida haifiki hapo. Ugali wa muhogo na migebuka anakula vizuri, ila asubuhi akiwaona wenzake na maandazi analia. Hapo moyo unanishinda, naagiza tena. Wenzangu mnamudu vipi?

BiMwanga
Waaleikum salaam mwanangu. Ujiji mna mkate wa kumimina, unaagiza tambi za nini? Loweka mchele usiku, asubuhi usage laini na tui, hamira, sukari na iliki, uuache uumuke, uoke. Haumo unga wa ngano hata kijiko. Vitumbua pia, lakini pika mwenyewe. Vya barabarani wapo wanaochanganya ngano ili vishikane, na wengine hukaangia mafuta yaliyotoka maandazi.

Kasulu_77
Dada, pole sana. Mimi ninao ugonjwa huo. Miezi mingi nilikula muhogo na mahindi tu, tumbo bado linajaa na kuharisha hakuishi. Kumbe mashine niliyosagia ilikuwa inasaga na ngano! Kiwango cha Codex, wale wanaoweka viwango vya chakula vya kimataifa, cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo, mwisho. Vumbi la ngano lililobaki ndani ya mashine linaweza kuvuka hapo. Sasa nanunua makopa, natwanga kwenye kinu changu, nachekecha. Inachosha, lakini nimenenepa. Unga wa lishe wa dukani usimpe bila kusoma pakiti, mwingi una ngano.

Nesi_Buhigwe
Kama ana ndugu wa tumbo moja, nao wapimwe damu hata wasipoumwa. Ila msiwaachishe ngano kabla ya kipimo, majibu yatadanganya.

MamaUjiji
Mashine sikuwahi kuiwaza! Ya jirani yetu inasaga kila kitu. Kinu cha marehemu mama kipo stoo, kesho nakitoa. Na kaka yake nitampeleka akapimwe, bado anakula chapati. Bi Mwanga, kilo ya mchele nazi ngapi?

BiMwanga
Mbili. Zikiwa ndogo, tatu.